Maji ya Majaribio

Kinyozi alimwacha mteja na nusu ya kichwa, akaenda kuangalia maji yanavyomwagwa.

"Nakuja sasa hivi, mwalimu," alisema, akaiweka mashine ya kunyolea mezani. Mwalimu alijitazama kwenye kioo. Upande mmoja kichwa kinang'aa, upande wa pili msitu mtupu, na kikao cha wazazi kinamsubiri. Mtu wa namna hiyo hana pa kukimbilia. Alibaki kitini na shuka shingoni, akimlaani kinyozi wake kimoyomoyo.

Kisima kipya kilikuwa kimechimbwa kwenye uwanja nyuma ya maduka, na tangu jana mashine yake ya kuvuta maji ilikuwa ikinguruma bila kupumzika. Bomba nene kama paja la mtu mzima lilitoka kisimani likalala juu ya ardhi mpaka mtaroni, na humo mtaroni ndimo maji yalimokuwa yakimwagika kwa kishindo, masafi, ya baridi. Kamba yenye vitambaa vyekundu ilikuwa imezungushwa uwanja mzima. Nje ya kamba walisimama wanawake na ndoo zao tupu. Mtaa ule ulizoea kununua maji kwa mtungi kutoka kwa wasukuma mikokoteni, kwa bei inayopanda kila jua linapozidi, na sasa watu walikuwa wanayatazama yakienda bure. Inauma, na asiyewahi kuoga kwa kikombe asijifanye anaelewa.

"Kijana," Kinyozi alimwita msimamizi wa wachimbaji, jamaa ambaye mtaa mzima ulimwita Kofia kwa sababu ya kofia ngumu ya njano asiyoivua hata akila. "Haya maji mnayapeleka wapi?"

"Hatuyapeleki popote. Tunapima."

"Mnapima nini?"

"Nguvu ya kisima."

"Kwa kumwaga maji?"

Kofia alikuwa ameulizwa swali hilo tangu asubuhi na kila aliyeshika ndoo, na uvumilivu ulikuwa umemwishia. "Mzee, huu ni utaalamu. Hata nikikueleza hutaelewa. Sogea nyuma, utalowa."

Wanawake wawili wakacheka. Hakikuwa kicheko kikubwa, lakini Kinyozi alikisikia. Kazi yake yeye ni kuwaambia watu wainamishe vichwa, nao wanainamisha, wakubwa kwa wadogo. Hakuzoea kuambiwa sogea. Alirudi dukani amefura, akammalizia mwalimu nywele kwa mkono mzito, na mwalimu akalipa haraka bila kudai chenji.

*

Nyumbani mke wake alikuwa kwenye cherehani, amezungukwa na sare za shule za watoto wa watu. Mama Cherehani, ndivyo walivyomwita wote, ndiye pia aliyekuwa mweka hazina wa mchango wa kisima. Mto uliokuwa ukiulisha mji ulikuwa umebaki matope, kwa hiyo jiji lilipanga kuchimba visima vipya. Jiji lingelipia kuchimba, kila mtaa ungechangia gharama za kupima na kutandaza mabomba, na mtaa unaowahi kutimiza mchango ndio unaowahi kuchimbiwa. Yeye ndiye aliyepita mlango kwa mlango. Alibwekewa na mbwa, alibwekewa na watu. Alikaa vibarazani akisubiri wenye nyumba wamalize kujifanya hawapo. Pesa zilipotimia alizipeleka benki mwenyewe, akaziingiza kwenye akaunti ya jiji, akarudi na stakabadhi, akaibandika ukutani ofisini kwa mwenyekiti wa mtaa ili kila mwenye macho aione.

"Wanamwaga maji yetu," Kinyozi alisema kabla hajakaa.

"Wanapima, baba watoto. Nilimuuliza yule Kofia kabla hawajaanza. Mashine inavuta siku tatu mfululizo, wao wanaangalia maji kule chini yanapungua kiasi gani. Ni kama kuajiri mpagazi. Utajuaje kama ana nguvu bila kumtwisha mzigo akatembea nao?"

"Na huyu mpagazi anatembea kwenda wapi? Ule mtaro unateremka mpaka kule kunakojengwa maghorofa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo sisemi kitu. Nauliza tu."

Mama Cherehani alikata uzi kwa meno. "Aliniambia na jambo jingine, nami nakwambia wewe. Mashine isizimwe, na koki isiguswe mpaka wamalize. Ikiguswa, kipimo chote bure, na pengine mashine yenyewe inaungua."

"Ndivyo wanavyosema wezi wote. Usiguse."

Mama mzazi wa Kinyozi alikuwa kwenye mkeka, akichambua vifungo vya mkwe wake, vikubwa huku, vidogo kule. "Huyu tangu mdogo yuko hivi hivi," alisema bila kuinua kichwa. "Ukimpa sahani, kwanza anaigeuza aone chini kuna nini. Chakula kinamwagika, yeye bado anachungulia."

"Mama, na wewe."

"Mimi nasema nilichokizaa."

Mkewe alicheka kidogo, kisha akaacha. "Baba watoto, pesa zile nilizipokea mimi, mkono kwa mkono. Kisima hiki kikiharibika, hawatamuuliza Kofia. Wataniuliza mimi. Na mimi naishi kwa vitambaa vya watu. Siku watu wakiacha kuniaminia vitambaa vyao, humu ndani hatuli. Nakuomba uniachie amani."

"Nani amekunyima amani?" Kinyozi alijibu, akanawa mikono kwa maji ya kikombe, nayo yaliyobaki akayarudisha kwenye ndoo ya kufulia.

*

Duka la kinyozi halihitaji redio. Siku iliyofuata kila aliyekaa kitini alikuja na lake. Mmoja alisema hakuna kipimo cha siku tatu popote duniani, hata mgonjwa hapimwi siku tatu. Mwingine alisema shemeji yake anayefanya kazi ya ulinzi kule maghorofani anaona magari ya maji yakiingia na kutoka tangu juzi. "Lisemwalo lipo," alisema, "na kama halipo, laja." Kinyozi alikuwa anasikiliza huku mkono ukienda wenyewe. Moyo wake ulishamaliza kesi, ulikuwa unangoja ushahidi tu.

Saa za mchana, wateja walipopungua, alifunga duka akaufuata mtaro. Aliuteremka kwa kando, akiruka takataka, mpaka unapopanuka na kuwa kama kidimbwi. Hapo alilikuta boza la maji, limepaki nusu barabarani, mpira wake umezama kidimbwini, linavuta. Dereva alikuwa amejilaza kivulini na viatu pembeni.

"Haya maji unayapeleka wapi?"

"Ghorofani. Wanakoroga zege."

"Na umemlipa nani?"

Dereva alifumbua jicho moja. "Nimlipe nani? Kwani maji ya mtaroni yana mwenyewe?"

Kinyozi aligeuka. Mtu aliyelipa chini ya meza angejibu nini kingine? Jibu lenyewe lilikuwa laini mno, limekaa tayari mdomoni. Alipandisha mtaro kwa mwendo wa kasi, na kila alivyopanda ndivyo alivyozidi kuona sawasawa. Aliiona stakabadhi ile ukutani ikiwa danganya toto, akamwona Kofia akigawana na wenye maghorofa. Na mke wake, maskini, ametumiwa kama kijiko. Kwa kweli alimhurumia, na huruma hiyo ikampa nguvu.

Uwanjani wachimbaji walikuwa wanakula kivulini, nyuma ya lori. Kofia alikuwa amekwenda kununua dizeli. Wanawake wa ndoo walishakata tamaa wakarudi makwao. Kinyozi aliinua kamba, akapita chini yake, akaishika koki kwa mikono miwili. Ilikuwa ngumu. Alipoizungusha, maji yalichurizika kwenye maungio yakamlowesha suruali mpaka magotini. Akazidi kukaza. Mtaroni kukawa kimya, na mashine ikabadili sauti, ikaanza kulia kwa shida. Aliondoka kwa hatua za kawaida, kifua mbele, kama mtu aliyetoka kulipa bili.

*

"Leo nimewakomesha," alimwambia mkewe, akikaa kuvua viatu.

Mguu wa Mama Cherehani ulisimama juu ya pedali. "Umewakomesha akina nani?"

"Wezi wako. Nimeliona boza kwa macho yangu, linabeba maji yetu. Nimekwenda nimefunga koki. Wacha waje waeleze sasa."

Mkewe aliitazama ile suruali iliyolowa. Hakupiga kelele. Aliinuka na futi ya kitambaa ikimning'inia shingoni, akatoka mbio jua kali, bila viatu. Alipofika, mashine ilikuwa imeshazimwa, na harufu ya waya zilizoungua ilikuwa imetanda uwanja mzima. Kofia alikuwa amechuchumaa kando ya kisima. Kofia yake ilikuwa chini, na kumbe alikuwa kijana mdogo tu, mwenye upara unaoanza.

"Imeungua," alisema. "Imesukuma kwenye bomba lililofungwa mpaka ikaungua. Saa chache tu tungemaliza. Nani kafunga?"

Mama Cherehani aliiokota ile kofia, akaifuta vumbi.

"Kuna watu wameona boza kule chini," alisema baadaye, kwa sauti ndogo. "Wamesema maji yanauzwa."

"Boza?" Kofia alimtazama kama mtu aliyeambiwa habari za nchi nyingine. "Dada, maji yakishaingia mtaroni mimi hayanihusu. Hata mbwa na anywe. Mlikuwa mnataka maji? Si mngekwenda kuchota pale yanapoangukia? Mimi nilikataza watu wasikanyage bomba na vipimo. Mtaroni nani aliwakataza?"

"Hukusema."

"Kila mtu aliniuliza yanakwenda wapi. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama anaweza kuchota."

Mama Cherehani aliuangalia mtaro. Maji yalikuwa yameanza kunywea kwenye mchanga. Alikaa chini palepale, akalia.

*

Kesho yake wachimbaji walipakia vyuma vyao wakahamia mtaa mwingine. Ofisi ya maji ya jiji ilimwambia mwenyekiti wazi: ama mtaa uchange upya gharama za kupima na za mashine iliyoungua, ama urudi mwisho wa foleni, usubiri bajeti nyingine. Habari za koki iliyofungwa mtaa ulizisikia, lakini hakuna aliyezitaka. Wachimbaji hawafungashi virago kwa sababu ya koki, walisema watu. Wanafungasha wasipolipwa. Na pesa zilipitia mikono ya nani?

Wa kwanza kuja alikuwa jirani wa geti la bluu, aliyekuwa ameleta kitambaa cha gauni la harusi ya mdogo wake. "Nimebadili mawazo, dada," alisema. "Nitashona baadaye." Mama Cherehani alimpa kitambaa chake kikiwa kimekunjwa vilevile. Jirani akakikunjua, akakipima mbele yake kwa mkono, kiwiko hadi kidole, kiwiko hadi kidole, mpaka mwisho. Kilikuwa kamili. Akakikunja, akaaga bila kumtazama.

Jioni hiyo Mama Cherehani aliongea na mumewe, mama mkwe akiwepo, maana nyumba ilikuwa ndogo na siri haikuwa na pa kujificha.

"Jumapili kuna kikao. Utasimama useme mwenyewe."

"Watanimaliza."

"Wewe watakukasirikia, kisha watakuja kunyolewa. Mimi ndiye watakayenimaliza. Wameshaanza."

"Mimi niliamini nakusaidia, mke wangu."

"Najua. Ndiyo maana sijakutaja, wala sitakutaja. Useme mwenyewe."

Kinyozi aliangalia viganja vyake. "Na lile boza je? Hujiulizi lilikuwa na kibali cha nani?"

"Mwanangu," mama yake alisema, "sahani umeshaimwaga. Acha kuangalia chini."

Mama Cherehani angeweza kumtaja. Alikuwa na haki, na hata mama mkwe asingemlaumu. Lakini hakutaka kuwa mke aliyemtoa mumewe kwa watu ili apone yeye. Na zaidi ya hayo, alitaka kuona kama atasimama. Miaka yote waliyoishi pamoja hakuwahi kumdai kitu kikubwa, na sasa alimdai kimoja.

*

Kikao kilifanyika darasani, watu wazima wamejibana kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika kidevuni. Mwenyekiti alianza kwa upole, kama daktari anayekuja na sindano.

"Mama Cherehani, wananchi wanataka kujua. Pesa zilifika?"

"Zilifika. Stakabadhi iko ukutani kwako."

"Karatasi hata mimi naweza kuipiga chapa pale steshenari," sauti ilitoka nyuma.

"Nenda benki ukaulize, au ofisi ya maji."

"Ofisi ya maji ni wenzake Kofia, na benki wanamjibu aliyeweka pesa tu. Na aliyeziweka ni wewe," alisema mwuza mkaa, na watu wakaguna kukubali.

"Mashine iliungua kwa sababu mtu alifunga koki. Kofia mwenyewe amesema."

"Kofia si rafiki yako? Ulikuwa unaongea naye kabla hata kisima hakijachimbwa."

"Nilikuwa namuuliza mambo ya kisima."

"Haya, nani kafunga? Mtaje." Jirani wa geti la bluu alikuwa amesimama. "Dada, mtaje basi. Wewe ndiye unayejua kila kitu."

Mama Cherehani hakujibu. Wala hakumgeukia mumewe. Alitazama ubao, ambapo bado palikuwa na hesabu za watoto, na masikio yake yote yalikuwa upande wa kushoto, pale alipokaa Kinyozi. Kunyamaza kwake darasa likakuhesabu kama jibu.

Ndipo dawati lilipolia, na Kinyozi akasimama.

"Ni mimi," alisema. "Koki nilifunga mimi. Niliona boza linabeba maji, nikaamini tunaibiwa. Mke wangu alikuwa ameshanikataza. Yeye hana kosa lolote."

Machozi yalimtoka Mama Cherehani, nayo hayakuwa ya huzuni. Kwa muda mfupi aliona kila kitu kimerudi mahali pake. Kisha mwuza mkaa akaanza kupiga makofi, polepole.

"Huyo ndiye mwanamume," alisema. "Jamani, mmeona? Anabeba mzigo wa mkewe."

"Nasema kweli," Kinyozi alisema.

"Tunajua, kaka, tunajua. Kaa chini. Mungu akulipe."

"Anasema kweli," Mama Cherehani aliinuka. "Nimeiona suruali yake imelowa. Ni yeye."

Darasa zima lilimgeukia, na alichokiona machoni mwao ni karaha. Mume anajitoa mhanga kwa ajili yake, naye anamsukumia shimoni.

"Wewe kaa, mama," mwenyekiti alisema, na sasa upole ulikuwa umekwisha. "Imetosha."

Jirani wa geti la bluu ndiye aliyetoa wazo. Kwa kuwa mtaa lazima uchange upya, na kwa kuwa uaminifu si kitu cha kuokota barabarani, yeye anapendekeza mweka hazina mpya awe mtu ambaye leo wote wamemwona moyo wake. Mikono ilipanda madawati yote. Kinyozi alikuwa bado amesimama. Alifungua mdomo kukataa. Lakini watu walikuwa wanamtazama kwa namna ambayo hawakuwahi kumtazama, si kama mtu wa mkasi na poda, na alipoona hivyo mdomo wake ulijifunga wenyewe. Akakaa. Mwenyekiti akaandika jina lake.

Njiani kurudi, mama yake alitembea mbele na fimbo yake. Wao wawili walifuata.

"Nilisema," Kinyozi alisema. "Umenisikia. Nilisema ukweli mbele ya wote."

"Nilikusikia," alijibu mkewe. "Na walipokupa kazi yangu nilikusikia pia ulivyonyamaza."

"Ningewaambia nini? Hawakuamini."

"Ungewaambia hutaki."

*

Sare za shule ziliondoka moja moja, nyingine zikiwa hazijamalizwa, pindo zinaning'inia. Mama Cherehani alibaki na kazi ya kutia viraka nguo za nyumbani kwake. Mama mkwe aliendelea kuchambua vifungo ambavyo havikuwa na nguo za kushonewa. Michango, kwa upande wake, ilikuja haraka kuliko mara ya kwanza. Watu waliileta wenyewe mpaka nyumbani, hawakusubiri kufuatwa, na kila mmoja aliketi kidogo na Kinyozi kumpa pole kwa mitihani ya ndoa.

Jirani wa geti la bluu alikuja asubuhi moja, akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango. Mama Cherehani alikuwa nyuma ya pazia, anashona kiraka. Alimsikia jirani akihesabu noti, akamsikia akishusha sauti, lakini pazia ni kitambaa tu.

"Shemeji, unisamehe kwa nitakalosema. Hizi pesa usiziache ovyo. Ziweke pasipofikiwa na mkono wa mtu wa humu ndani. Sijui kama unanielewa."

Cherehani ilisimama. Kinyozi alilitazama pazia. Alijua mkewe yupo nyuma yake, na alijua anasikia. Neno moja tu lilihitajika, nalo alikuwa nalo.

"Nakuelewa, dada," alijibu. "Nimeshanunua kufuli."